Watoto Wetu na Elimu ya Akiolojia

Katika Kiswahili neno chimbuko lina maana ya asili au mwanzo wa jambo, nalo ni ndugu wa kitenzi chimbua. Lugha yenyewe, basi, inatwambia kwamba atakaye kujua asili hana budi kushika jembe. Elimu ya kufukua na kusoma masalio ya watu waliotutangulia huitwa akiolojia. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini elimu hiyo yafaa ifunzwe kwa watoto wadogo, wa miaka saba hadi kumi, na kwa njia gani.

Mwaka 1962, Tanganyika ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mambo mawili yalifungwa kwa kamba moja: urithi na kizazi kipya. Kwa upande wa ngoma, nyimbo na mashairi, kamba hiyo imeshika vizuri. Kwa upande wa mambo ya kale yaliyomo ardhini, bado imelegea. Mtoto hukaririshwa kwamba tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu la kale huko Oldupai, na kwamba umri wake ni kiasi cha miaka milioni moja na robo tatu. Lakini ni mara chache aelezwe kwamba fuvu hilo lilikuwa limevunjika vipande tele, na kwamba ilibidi udongo uchekechwe na vipande viunganishwe kwa subira kubwa. Hupewa jibu pasipo kuonyeshwa kazi iliyolileta.

Kwanza yafaa tuondoe dhana mbili. Watoto wengi, na hata wakubwa, hudhani kwamba mtaalamu wa akiolojia hutafuta mifupa ya wanyama wa ajabu. Mijusi mikubwa ya Tendaguru, mkoani Lindi, ambayo Wajerumani waliifukua kati ya mwaka 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin, iliishi zama ambazo mwanadamu hakuwapo kabisa. Hiyo ni elimu nyingine. Akiolojia humfuata mwanadamu na alichokifanya: jiko lake, chungu chake, shanga zake, mavi ya chuma yaliyobaki penye tanuri lake. Dhana ya pili ni kwamba mtaalamu huyo hutafuta dhahabu. Hii ndiyo yenye madhara, nasi tutairudia.

Kazi yenyewe haina fahari. Wachimbaji huigawa ardhi kwa kamba katika miraba, kisha huondoa udongo kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka. Chombo chao kikuu ni mwiko, huu huu wa mwashi. Udongo hupitishwa katika chekeche ili hata mwiba wa samaki usipotee. Kila kitu huandikwa kilikuwa mraba gani, kina gani na karibu na nini, kwa maana tabaka la chini, lisipovurugwa, ni la zamani kuliko la juu, na vitu vilivyolala pamoja hushuhudiana. Kigae kilichoko mahali pake kina habari. Kigae hicho hicho kikiwa mfukoni mwa mtu kimepoteza sehemu kubwa ya habari hiyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaalamu huyu huinama miezi mingi.

Faida ya kuinama huko imeonekana pwani yetu. Kwa miaka mingi wageni walioandika habari za Kilwa Kisiwani na miji mingine ya mawe walidai kwamba miji hiyo ililetwa na watu wa ng'ambo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alifukua jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya mia moja, lililojengwa karne ya 14, pamoja na vigae vya kauri kutoka Uchina na Uajemi. Yeye mwenyewe aliegemea upande wa wageni. Lakini chini ya mawe hayo mlikuwa na tabaka nyingine, za watu waliokaa katika nyumba za miti na udongo, waliovua samaki, waliofua chuma na kufinyanga vyungu vya kienyeji karne kadhaa kabla ya jumba hilo kujengwa. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu nchini Kenya, Mark Horton alikuta katika miaka ya 1980 kwamba chini ya msikiti wa mawe mlikuwa na misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine. Naye Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amevifuata vyungu vya kale vya pwani hadi kwa wakulima na wafua chuma wa hapa hapa. Hivyo miji ile imejulikana kuwa ni matunda ya vijiji vyetu, iliyokua kwa biashara na kwa kupokea ya wageni.

Tuzingatie jambo moja hapa. Waliokuja baadaye waliweza kuusahihisha usomaji wa kwanza kwa sababu tabaka zilikuwa zimeandikwa, na nyingine zilikuwa bado hazijaguswa. Kama watafuta mali wangalitangulia na sururu, ubishi ule usingalimalizika, na wajukuu wetu wangaliendelea kuambiwa kwamba babu zao hawakujenga kitu. Ardhi ni kitabu chenye nakala moja tu, tena msomaji wake huchana kila ukurasa aupitiao. Asiyeandika alichosoma amekiteketeza.

Hatari hii ipo. Mara kwa mara huzuka uvumi kwamba Wajerumani walizika mali mahali fulani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na watu hutoka usiku na majembe kuchimba vilima, makaburi na magofu. Kwingine mawe ya kuta za kale yamebebwa kwenda kujengea nyumba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mahali pa kale bila leseni. Lakini sheria haina macho ya kukesha katika kila korongo. Macho hayo ni ya wenyeji, na wenyeji wa kesho ndio watoto wa leo.

Je, mtoto mdogo afunzwe vipi? Haifai kumpeleka kuchimba gofu, wala haihitaji fedha nyingi. Mwalimu na atwae masanduku mawili ya mbao. Katika la kwanza aweke chini mchanga wenye miiba ya samaki na makombe ya pwani. Juu yake udongo mwekundu wenye vigae vya chungu, makaa na shanga. Na juu kabisa udongo mweusi wenye kipande cha sahani ya bati na kizibo cha soda. Watoto wagawane kazi: mmoja aondoe udongo kwa kijiko, mwingine acheketue, wa tatu achore, wa nne aandike. Wakimaliza, mwalimu aulize: Nani walitangulia kukaa hapa? Walikula nini? Walianza lini kupika kwa chungu? Watoto watajibu kwa furaha, na watabishana kwa ushahidi.

Sanduku la pili liwe na vitu vile vile hasa, ila vimevurugwa na kuchanganywa ovyo. Watoto wachimbe tena, kisha waulizwe maswali yale yale. Watakuwa na kila kipande mikononi, na hawatakuwa na jibu. Mtoto aliyeuona ukimya huo wa sanduku la pili hahitaji hotuba ndefu kumweleza ubaya wa kuchimbachimba. Ataelewa pia kwa nini lugha yetu imekipa chombo cha mchimbaji jina lile lile la katazo: mwiko.

Baada ya hapo darasa na limwalike mfinyanzi wa kijiji aeleze nakshi za vyungu vyake, na mhunzi aeleze tanuri. Watoto watambue kwamba vigae vya kale vilitoka katika mikono kama hiyo. Mwisho wafunzwe la kufanya wakiona kitu: wasikiondoe, waweke alama, wamwambie mwalimu, naye apeleke habari Idara ya Mambo ya Kale. Mwaka 1951 mwanafunzi wa shule kutoka Afrika Kusini aligundua zana za mawe katika korongo la Isimila, karibu na Iringa. Habari zikawafikia wataalamu, na mwaka 1957 na 1958 uchimbaji mkubwa ukafanyika. Macho ya mtoto yako karibu na ardhi.

Watoto wajue pia kwamba kuna wakati kazi ya mtaalamu ni kufukia. Nyayo za Laetoli, zilizoachwa katika jivu la volkeno zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita, zilifukuliwa mwaka 1978 na 1979, kisha zikafunikwa. Migunga ikaota juu yake, mizizi ikatishia kuzipasua. Mwaka 1995 na 1996 zikafunuliwa, zikatibiwa na kufunikwa upya kwa uangalifu mkubwa zaidi. Taifa lenye hazina ya namna hiyo limekubali kutoitazama ili isipotee.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akikua akijua kwamba kigae kina neno la kusema kikiachwa mahali pake, tutakuwa tumepata mlinzi wa Kilwa, wa Engaruka, wa michoro ya Kondoa, na wa kila kilima kisicho na jina ambacho bado kimeficha sehemu ya habari zetu.