Historia ya Kitenzi cha Kiingereza "Capitulate" na Tafsiri Yake kwa Kiswahili

Wafasiri wetu wengi wakikutana na kitenzi cha Kiingereza *capitulate* hukifasiri "kusalimu amri" bila ya kusita, na katika habari za magazeti tafsiri hiyo yatosha. Serikali ikiyakubali madai ya wafanyakazi waliogoma, au mtu akimridhia jirani yake kwa kuwa amechoka kubishana naye, Mwingereza wa leo hutumia kitenzi hiki, wala si kosa kusema ya kuwa aliyekubali amesalimu amri. Taabu huanza pale mfasiri anapoingia katika maandiko ya historia. Humo neno hili limebeba maana ambayo hata Waingereza wengi wamekwisha kuisahau, na mwenye kulifasiri kwa maana ya leo huweza kumgeuza mshindi akawa mshinde, au kuuita mkataba wa heshima kuwa ni kushindwa.

Asili ya neno ni Kilatini. *Caput* ni kichwa, na *capitulum* ni kichwa kidogo. Kwa kuwa kila sehemu ya kitabu au ya sheria ilitangulizwa na kichwa chake kidogo cha maneno, *capitulum* likawa jina la sehemu yenyewe. Amri za Mfalme Charlemagne, kama zile zilizotolewa Herstal mwaka 779, ziliitwa *capitularia* kwa sababu ziliandikwa vifungu vifungu. Watawa waliofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto walikutana kila siku kusomewa kifungu kimoja cha kanuni hiyo, hata mkutano wenyewe, na chumba walimokutania, vikaitwa kwa jina hilo hilo. Kutokana na shina hili Kilatini cha Zama za Kati kilipata kitenzi *capitulare*, yaani kupanga maneno kwa vifungu, na baadaye kuandika masharti ya mapatano kifungu kwa kifungu. Katika hayo yote hakuna aliyeshindwa. Ndugu yake kitenzi hiki, *recapitulate*, hata leo maana yake ni kurudia kwa ufupi vichwa vya maneno yaliyokwisha kusemwa, wala haina harufu yoyote ya vita.

Hapa nataka kusema jambo dogo lililo nje kidogo ya njia yetu. Kwa Kiswahili "sura" ni uso wa mtu, na "sura" ni sehemu ya kitabu. Mwanafunzi aweza kudhani ya kuwa sisi nasi, kama Warumi, tumetoka kichwani tukafika kitabuni. Sivyo. Maneno haya ni mawili katika Kiarabu, nayo huandikwa kwa herufi mbili mbalimbali za "s". Moja ni umbo au picha, na jingine ni sura ya Kurani. Ni sisi tuliozikutanisha sauti mbili zikawa moja. Wafasiri wa kwanza wa Biblia waliosema "mlango" kwa sehemu ya kitabu walifuata njia nyingine, nayo pia ni ya Kiarabu, maana *bab* ni mlango wa nyumba na mlango wa kitabu. Kufanana kwa lugha mbili si ushahidi wa udugu wala wa kuigana, na mara nyingi ni bahati tu.

Turudi katika kitenzi chetu. Mahali pazuri pa kukitazama kikiwa njia panda ni Hispania mwishoni mwa karne ya 15. Tarehe 25 Novemba 1491 wawakilishi wa Sultani wa Granada walitia sahihi mapatano ya kuukabidhi mji kwa Ferdinand na Isabella, na mji ukakabidhiwa tarehe 2 Januari 1492. Tarehe 17 Aprili mwaka huo huo, katika mji wa Santa Fe uliojengwa ili kuihusuru Granada, watawala wale wale walitia sahihi mapatano na Columbus kabla hajasafiri, wakamwahidi cheo cha amiri wa bahari, uliwali wa nchi atakazozipata, na sehemu moja katika kumi ya mali. Hati zote mbili kwa Kihispania huitwa *capitulaciones*. Ya kwanza ni ya mji uliozingirwa, ya pili ni ya baharia anayetafuta kazi. Jina limeziunganisha kwa sababu moja tu, nayo ni kuwa kila hati ina vifungu vinavyozifunga pande zote mbili.

Maana hii ndiyo iliyoingia Uingereza katika karne ya 16. Shakespeare alikitumia kitenzi hiki katika tamthilia ya Henry IV, sehemu ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1598. Mfalme analalamika ya kuwa mabwana wakubwa wa nchi wamepatana juu yake, na mabwana hao hawajashindwa, bali wanajitayarisha kupigana. Tena katika Coriolanus, iliyochapishwa mwaka 1623, jemadari aliyefika malangoni mwa Roma na jeshi lake anawaambia jamaa zake wasimtake awaage askari wake wala afanye mapatano na mafundi na wachuuzi wa mji ule. Ukifasiri hapo "nisalimu amri" umeharibu tamthilia nzima, kwa maana msemaji ndiye mwenye nguvu. Neno lifaalo ni "kuafikiana", au hata "kupatana bei", kwa dharau aliyokusudia.

Basi maana ilihama vipi? Ilihama kwa njia ya ngome. Katika vita vya Ulaya vya karne ya 17 na ya 18, mji uliozingirwa haukuanguka siku zote kwa upanga. Ukuta ulipotobolewa, mkuu wa ngome aliamuru ngoma ipigwe, naye akatoa orodha ya masharti: askari watoke na bendera zao au bila bendera, wagonjwa watunzwe, raia wabakiwe na mali zao. Montreal, tarehe 8 Septemba 1760, gavana Vaudreuil alimpelekea Jenerali Amherst vifungu 55, na kila kimoja kikajibiwa peke yake: hiki kimekubaliwa, hiki kimekataliwa, hiki kinangoja hiari ya mfalme. Uhuru wa dini ya Kikatoliki ulikubaliwa, lakini heshima za kijeshi zilinyimwa, na jemadari Lévis akazichoma bendera zake kuliko kuzitoa. Kwa kuwa aliyeandika vifungu namna hii mara nyingi alikuwa yule aliyekaribia kushindwa, kitenzi kikaanza kumwegemea yeye. Maana ya kuandika masharti ikawa kujitoa kwa masharti, na kisha, ngome za namna ile zilipopitwa na wakati, ikawa kujitoa tu.

Maana ya kale ilibaki hai mahali pamoja ambapo imewatatiza wengi. Masultani wa Uthmani waliwapa wafanyabiashara wa Ulaya haki za kukaa na kufanya biashara, kwa mfano Wafaransa mwaka 1569 na Waingereza mwaka 1580, na Wazungu wakaziita hati hizo *Capitulations* kwa sababu ya vifungu vyake. Waturuki waliziita *ahdname*, na katika neno hilo Mswahili husikia mara moja "ahadi" yake mwenyewe. Sultani wa wakati ule hakusalimu amri kwa mtu. Alikuwa akitoa kama mwenye kutoa. Ni kweli ya kuwa katika karne ya 19, dola ilipodhoofika, hati hizo ziligeuka minyororo, hata Waturuki wakazifuta mwaka 1914 na kufutwa kwake kukathibitishwa Lausanne mwaka 1923. Lakini aibu hiyo ilikuja baadaye, haikuwamo katika jina. Huku kwetu, mapatano ya Seyyid Said na Marekani ya mwaka 1833 nayo yalimpa konseli haki ya kuamua magomvi ya Wamarekani wao kwa wao, na sijaona mwanahistoria asemaye ya kuwa Seyyid Said alisalimu amri siku ile.

Na Kiswahili chetu chasemaje? "Kusalimu amri" ni usemi wa shina la Kiarabu lililotupa pia salama, salamu na kusilimu. Amri katika Kiarabu si agizo tu, bali pia ni jambo au shauri la mtu, na naona ya kuwa usemi wetu ulianza kwa maana ya kukabidhi shauri lako mikononi mwa mwingine. Kwa hiyo Kiingereza kilitazama karatasi, sisi tukatazama mamlaka. Kwetu anayesalimu amri ametoa uwezo wake wa kuamua, na kama amebakiwa na haki yoyote, kitenzi hakisemi. "Kukubali yaishe" ni usemi mwingine, wa mtu aliyechoka, nao ndio unaoelekea zaidi kitenzi cha Kiingereza katika mazungumzo ya leo. "Kubwaga manyanga" ni kuiacha kazi, wala hakuhitaji adui.

Ndiyo sababu kwa hati za zamani napendekeza "mapatano ya kukabidhi mji", na kwa zile za Uthmani "hati za ahadi". Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Waislamu wa Granada waliahidiwa kwa maandishi dini yao, misikiti yao na makadhi wao. Kuanzia mwaka 1499 walilazimishwa kubatizwa, na mwaka 1502 Waislamu wa Kastilia wakaambiwa wabatizwe au watoke. Mtoto akisoma ya kuwa Granada "ilisalimu amri" hataona ahadi iliyovunjwa, ataona mji ulioshindwa tu.

Jambo hili liliigusa Afrika ya Mashariki pia. Jenerali von Lettow-Vorbeck alipata habari za kusimamishwa kwa vita tarehe 13 Novemba 1918, akiwa karibu na mto Chambeshi. Ujumbe aliopelekewa na Waingereza ulisema ya kuwa Kifungu cha 17 kinayataka majeshi ya Wadachi katika Afrika ya Mashariki yajitoe bila masharti yoyote, maneno ambayo kwa Kifaransa na Kidachi huelezwa kwa shina letu hili hili, yaani vifungu visivyo na vifungu. Tarehe 25 Novemba, Abercorn, mji uitwao leo Mbala, yeye na maofisa wake pamoja na askari Waafrika zaidi ya elfu moja waliweka silaha chini. Baadaye aliyaona maandishi ya Kifungu cha 17 kama yalivyotiwa sahihi Ulaya. Yalisema kuhama tu.