Sidii za Ilimu na Ramani za Temeke

Kabla ya Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi katika pwani yetu, intaneti ya Dar es Salaam ilikuwa ikishuka kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua, hata mwanafunzi wa Tandika au Chang'ombe aliyehitaji programu kubwa ya hesabu au ya ramani aghalabu ilimbidi aletewe mkononi, ndani ya sidii. Asili ya sidii hizo, zilizobeba mfumo mzima wa kuendesha kompyuta wa Linux pamoja na zana za taaluma fulani, yafaa ielezwe, kwa kuwa habari yake imekuja kuugusa mji wetu.

Msingi uliwekwa na Mjerumani Klaus Knopper, aliyeitoa sidii ya Linux iitwayo Knoppix mwaka 2000. Hikima yake ilikuwa kuyabana mafaili hata sidii ya megabaiti 700 ikachukua takriban gigabaiti 2 za programu. Kompyuta ikiwashwa, mfumo huvitambua vifaa vyenyewe, ukajikunjua katika kumbukumbu ya muda, wala usiiguse diski ya mwenye mashine. Waliosoma vyuo vya Kurani watakumbuka ubao ulioandikwa aya kwa wino, nayo ikisha kuhifadhiwa, ubao ukaoshwa: ndivyo ilivyo kompyuta hiyo inapozimwa.

Juu ya msingi huo Dirk Eddelbuettel alijenga Quantian mwaka 2003, akaijaza R, Octave na zana nyingine za takwimu na hesabu, na fauka ya hayo akaziwezesha mashine kadhaa zilizounganishwa kugawana hesabu moja.

Wataalamu wa ramani nao walipata chombo chao, OSGeoLive, kilichokuzwa na wafanyakazi wa kujitolea, miongoni mwao Cameron Shorter wa Sydney, kikikusanya programu za ramani kama QGIS, GRASS, PostGIS na nyinginezo nyingi. Toleo lake la 12 lilitoka Agosti 2018, mwezi ule ule ambao mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, uliokwisha kufanyika Cape Town mwaka 2008, ulirejea Afrika na kukutana Dar es Salaam.

Wageni wa mkutano huo hawakuukuta mji mjinga. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuua watu wapatao 40, na ilhali mitaa mingi ya wanyonge haikuwa na ramani ya kutegemewa, mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Dar es Salaam, pamoja na wenyeji wa mitaa, walipita vichochoroni na vifaa vya GPS, wakaandika nyumba, njia na mifereji katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, kisha QGIS ikawachorea walichokiona kwa macho yao.

Leo sidii imekuwa adimu, na flashi imerithi kazi yake. Basi mwalimu wa jiografia wa Temeke asiingoje maabara mpya: aitie OSGeoLive katika flashi moja, aiwashe kompyuta iliyopo, na somo la kwanza liwe mfereji upitao nyuma ya shule.