Nyungu ya Mzazi na Majani Yaliyokuja kwa Reli

Nyungu ya mzazi ni chungu au sufuria ya maji yaliyochemshwa pamoja na majani ya dawa. Mwanamke aliyejifungua huketi mbele yake kwenye kigoda, akafunikwa blanketi gubigubi na kujifukiza mpaka jasho limtoke. Katika ukanda wa miwa wa Muhoroni, mashariki mwa Kisumu, tiba hii huhesabiwa kuwa mila ya mababu. Ujuzi wa kumtunza mzazi kwa joto ni wa kale kweli. Majani, hayo ni habari nyingine.

Kwa Waluo, kazi ya uzazi ilikuwa ya nyamrerwa, mwanamke mzima aliyejua kuzalisha na kujua miti. Mama na mtoto walikaa ndani siku nne mtoto akiwa wa kiume, tatu akiwa wa kike, ndipo mtoto akatolewa nje. Mama alinyweshwa uji moto, akaogeshwa maji moto, na tumbo likakandwa. Pwani muda ni mrefu zaidi: mzazi hukaa arobaini, hukandwa, hufukizwa, na tumbo hufungwa mkaja, kitambaa ambacho jina lake limeingia hata katika mahari, kwa fungu analopewa mama wa bibi harusi. Dhana iliyo nyuma ya yote haya ni moja: kuzaa humwachia mwanamke baridi mwilini na damu chafu tumboni, na joto hufukuza vyote viwili. Dhana hiyo imeenea mbali. Wanawake wa Thailand na Kambodia walilazwa kando ya moto, wale wa Mexico huingia temazcal, kibanda cha mvuke, na Sudan wanawake hukalia moshi wa mgunga.

Reli ya Uganda ilipita Muhoroni na kufika ziwani mwaka 1901. Injini za wakati huo zilikula kuni bila kushiba, na mwaka 1902 serikali ya kikoloni ikaanza kuleta mikaratusi kutoka Australia ili reli isikose kuni. Hivyo jani ambalo leo hutangulia kutiwa katika nyungu nyingi lilikuja Kenya kama mafuta ya garimoshi. Mwarobaini nao asili yake ni Bara Hindi. Katika mimea inayotajwa sana kwa kufukiza, kivumbasi na jamaa zake ndio wenyeji wa Afrika.

Reli ilileta watu pia. Wakulima wa Kihindi walipewa mashamba Kibos na Kibigori mwanzoni mwa karne ya 20, na jamii zao zilikuwa na arobaini yao. Wagujarati humlisha mzazi katlu, kitamu cha samli na viungo vingi, na ajwaini hutiwa katika makaa ili moshi wake umkaushe. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza mwaka 1922, cha Muhoroni kikafuata mwaka 1966. Waluo, Waluhya na Wakalenjin wakawa majirani katika mashamba na nyumba za wafanyakazi. Aliyezaa mbali na mama yake hukandwa na jirani, kwa majani anayoyajua jirani. Chungu kikaiachia nafasi sufuria ya dukani.

Serikali haikuwa na msimamo mmoja. Sheria ya uchawi ya mwaka 1925 iliwatia waganga wote katika wingu la shaka, hata wale ambao kazi yao ilikuwa kukanda matumbo. Mwaka 1976 mtaalamu wa mimea John Kokwaro alichapisha kitabu kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, na elimu ya nyamrerwa ikapata rafu maktabani. Baadaye wakunga wa jadi walipewa mafunzo, kisha wakaambiwa wasizalishe tena bali wawasindikize wajawazito hospitalini. Tangu Juni 2013, ada ya kujifungua ilipofutwa katika hospitali za umma, nyungu imezidi kuwa shughuli ya baada ya kutoka wodini. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inautambua uganga wa jadi, ingawa kutambuliwa si kupimwa.

Kwa upande wa tiba, mvuke wa mkaratusi una sineoli, mafuta yanayompa mgonjwa wa mafua hisia ya kuzibuka pua. Joto hulegeza misuli na kupanua mishipa ya damu, na mama aliyechoka hupata nafuu ya kweli. Hakuna ushahidi kwamba mvuke husafisha mfuko wa uzazi. Damu ya uzazi hutoka yenyewe kwa wiki kadhaa. Mishipa iliyopanuka humpa kizunguzungu mama aliyepoteza damu nyingi, naye akianguka karibu na maji yanayochemka ni msiba. Hatari zaidi ni kuikalia nyungu. Mwaka 2019 madaktari wa Kanada waliripoti habari za mwanamke wa miaka 62 aliyeungua ukeni kwa kukalia mvuke, na yeye hakuwa na mshono wa uzazi. Tatizo jingine ni la kuchelewa: homa baada ya kuzaa huweza kuwa maambukizi yanayohitaji antibiotiki, na anayeambiwa kuwa baridi imemwingia hutolewa jasho siku mbili huku vijidudu vikienea.

Shirika la Afya Duniani linataka mzazi aonwe na mhudumu ndani ya saa 24, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Mara tatu za kwanza huangukia siku za arobaini, za kukaa ndani na kukandwa, na hapo ndipo kliniki humkosa. Wiki ya sita huja arobaini ikielekea kwisha, na mtoto ana chanjo wakati huo.