Wamarekani Hawakuanza Juzi Kuomba Vyuo vya Kanada

Wasee, kuna stori inazunguka mtandaoni: vijana wa sekondari Marekani wanatuma maombi Toronto, McGill na UBC badala ya vyuo vya kwao. Watu wanaiongelea ni kama imeanza jana kwa sababu ya siasa za Washington. Mimi nasema tupunguze kasi kidogo. Hii njia ya kaskazini ni ya zamani sana, na kila mara imefunguka kwa sababu mtu fulani kule Marekani alifungiwa mlango.

Chukua Alexander Augusta. Alizaliwa Norfolk, Virginia, mwaka wa 1825. Alikuwa Mweusi, lakini hakuwa mtumwa. Kusoma alijifunza kwa siri, halafu akahamia Baltimore akawa kinyozi huku akitafuta elimu ya udaktari. Aliomba nafasi University of Pennsylvania wakamkataa, eti hajajiandaa vya kutosha. Sasa sikia hii: profesa mmoja wa chuo hicho hicho akakubali kumfundisha pembeni. Kichwa kilikuwa kinatosha, shida ilikuwa ngozi.

Jamaa hakukaa kulia. Yeye na mkewe Mary wakaenda Toronto, ambako utumwa ulikuwa umepigwa marufuku chini ya Mwingereza tangu 1834. Mary akafungua biashara ya kushona nguo, Augusta akafungua duka la dawa, na Trinity College ikampa digrii ya udaktari. Mwaka wa 1863 alirudi kwao kuwa daktari katika jeshi la Lincoln, na cheo cha meja. Unadhani walimpigia makofi? Mwaka huo huo, pale Baltimore, kundi la wazungu lilimvamia ndani ya treni akiwa amevaa sare za jeshi. Baadaye alifundisha udaktari Howard University, na alipofariki mwaka wa 1890 akazikwa Arlington, makaburi ya mashujaa wao.

Kwangu mimi huyo ndiye babu wa hawa wote wanaojaza fomu za Kanada leo.

Halafu kuna hili swali la fomu zenyewe, ambalo vijana wa Marekani wanalipenda sana. Kwao, chuo kikubwa kinataka insha kuhusu maisha yako, barua za walimu, michezo, vilabu, kujitolea, yaani mpaka uchoke. Kanada mara nyingi wanaangalia alama zako za miaka ya mwisho na masomo uliyochukua, basi. Kuna kozi zinazodai zaidi ya hapo, lakini huo ndio mtindo. Umeshawahi kujiuliza mambo ya "tabia" yaliingiaje Marekani?

Mwaka wa 1922 rais wa Harvard, Lawrence Lowell, aliona Wayahudi wamezidi. Walikuwa zaidi ya mwanafunzi mmoja kati ya watano wa mwaka wa kwanza, kwa sababu walikuwa wanapita mtihani. Alitaka kiwango maalum cha kuwazuia, lakini walimu wakakataa kukiweka wazi. Basi kufikia 1926 chuo kikaanza kupima "tabia" ya mwombaji na kudai picha yake. Wayahudi wakapungua. Sisemi kila insha leo ni ubaguzi, hapana. Nasema hiyo sanduku ilitengenezwa na nani na kwa nini.

Na kabla hujaanza kuiimbia Kanada sifa: McGill nao, miaka hiyo hiyo, waliwapandishia Wayahudi alama za kuingilia. Mwingine anapita na chache, Myahudi anadaiwa nyingi. Kwa hivyo hata alama zenyewe zinaweza kupindwa kama anayezipinda ana nia.

Tukuje Vietnam. Kama ulikuwa chuoni Marekani miaka ya sitini, ulikuwa unaahirishiwa jeshi. Ukitoka chuo, au ukikosa karo, uko kwa foleni. Tarehe 1 Desemba 1969 waliendesha bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa, ikiwa mubashara kwa runinga, na ya kwanza kuchomolewa ilikuwa 14 Septemba. Hebu fikiria ni birthday yako. Miezi michache kabla, Mei 1969, Kanada ilikuwa imetangaza kwamba maafisa wa mpakani hawatamuuliza mtu kuhusu jeshi la kwao. Makumi ya maelfu walivuka, na wengi wakaishia kwenye madarasa ya vyuo vya kule. Rais Carter aliwasamehe Januari 1977, lakini wengi walikuwa washapata kazi na familia, wakabaki.

Wakanada wenyewe hawakufurahia wote. Pale Carleton, Ottawa, walimu wawili, Robin Mathews na James Steele, walianza kampeni wakilalamika kwamba vyuo vimejaa maprofesa wa kigeni, hasa Wamarekani, na Wakanada wanakosa kazi nchini mwao. Inafanana na komenti ambazo nyinyi husoma kuhusu wageni, sivyo? Tofauti ni kwamba hapo mgeni alikuwa Mmarekani.

Malalamiko hayo hayajaisha, yamebadilisha shabaha tu. Januari 2024 serikali ya Kanada iliweka kikomo cha vibali vya wanafunzi wa kigeni, na pesa unazopaswa kuonyesha kwa matumizi ya mwaka mmoja, mbali na karo, zikapanda kutoka dola 10,000 za Kanada hadi 20,635. Kwenye karatasi, Mmarekani na Mkenya wote ni wageni, na wote wa digrii ya kwanza wanahitaji barua ya mkoa kuthibitisha nafasi yao.

Lakini Mmarekani hahitaji viza. Anaweza kuendesha gari la mamake mpaka mpakani na karatasi zake, aombe kibali hapo hapo, na akikubaliwa alale Kanada usiku huo. Wewe wa Umoja na A yako ya KCSE unaomba ukiwa huku, unatoa alama za vidole, unalipa, halafu unaanza kufungua email kila asubuhi.