Heru Juu, Mji wa Mwami Usio na Mawe

Mtu apandaye Heru Juu, katika milima ya Kasulu, ili kutazama makao ya wafalme wa Waha, huenda akarudi akisema, "Sikuona kitu." Hakuona ukuta, wala lango, wala jiwe lililochongwa. Mimi nami nalisema vivyo hivyo siku nilipowapeleka wanafunzi, na kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ngome iko wapi?" Sikuwa na jibu, nikamwambia asizuie wenzake njiani.

Swali lile lilinikaa moyoni, kwa maana vitabu vyetu vimetuzoeza kuutafuta ufalme katika mawe. Huko Japani uko mji wa Kanazawa, uliokuwa makao ya watawala wa jamaa ya Maeda. Katika mtaa wa Nagamachi, walikokaa mashujaa waitwao samurai, kuta za udongo zasimama hata leo, na kila majira ya baridi huvikwa mikeka ya majani ya mpunga ili theluji isizibomoe. Ngome yenyewe iliungua mara nyingi, na moto wa mwaka 1881 uliteketeza sehemu kubwa. Lakini nguvu ya akina Maeda haikupimwa kwa kuta. Ilipimwa kwa mchele: kipimo kimoja, koku, kilihesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja mwaka mzima, na nchi yao ilihesabiwa koku zaidi ya 1,000,000. Katika hizo samurai alilipwa fungu lake, naye akawa mtu wa bwana wake.

Huko Buha ng'ombe ndiye aliyefanya kazi ya mchele ule. Mwenye ng'ombe alimpa mwenziwe mmoja amtunze, na aliyepokea akafungwa kwa utumishi na heshima. Desturi hiyo yaitwa ubugabire. Kwa kamba hiyo Watutsi, ambao ni wachache, waliwashika watu wengi, na mwami akawashika wote kwa mikono ya watware wake. Nyumba zao zilikuwa za miti na nyasi. Nyumba ya namna hiyo haimngoji mtazamaji wa miaka mia. Tena lisikilizeni neno lenyewe: Waha husema ibwami, yaani kwa mwami. Neno hili halitaji jengo. Lataja mahali alipo mtu.

Msafiri Stanley alizionja nguvu hizo mwaka 1871, alipokuwa akipita Buha ya kusini kumtafuta Livingstone. Mtware mmoja alimtoza hongo ya nguo nyingi, na mbele wengine walikuwa wakimngoja. Basi Stanley akatoroka usiku kwa njia za porini. Katika kitabu chake aliwaona kama wanyang'anyi. Mimi sikubaliani naye. Mahali ambapo mgeni aliye na bunduki hawezi kupita bila kulipa kwa huyu na kwa yule, pana serikali, hata kama haipendezi. Na mwaka ule ule wa 1871 serikali ya Japani ilizifuta nchi za mabwana wa ngome, na mwaka 1876 samurai wakakatazwa kuchukua panga zao.

Ya Heru yalikwisha polepole zaidi. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwaua ng'ombe, nayo ikailegeza ile kamba. Wakaja Wadachi, mwaka 1916 wakaja Wabelgiji, waliokaa hata 1921, kisha Waingereza, waliotawala kwa kuwatumia wamwami. Wa mwisho wa Heru alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyeshika kiti katika miaka ya 1940, kisha akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza katika Bunge la Tanganyika. Mwaka 1963 serikali ya nchi huru ikaondoa utawala wa machifu wote. Miaka kumi baadaye watu wa Kigoma walihamishwa kwenda katika vijiji vya ujamaa, na viwanja vingi vya kale vikaachwa vimee majani.

Nalirudi Heru Juu bila wanafunzi. Safari hii sikuuliza ngome. Nalimwuliza mzee mmoja, "Baba, ng'ombe wa kwenu walitoka kwa nani?" Akanitazama kitambo, kisha akaanza: huyu alipewa na fulani, naye fulani na fulani, hata akafika ibwami. Nalipomwuliza juu ya shamba alinikatiza. Ardhi, alisema, haikuwa ya mwami kuigawa apendavyo. Wako wateko, ambao wazee wao walikuwako kabla ya Watutsi, nao ndio walioigawa na kuiombea. Basi nami nilikuwa nikitafuta nusu tu ya mji.

Aliongea hata jua likachwa. Nalikuwa na daftari moja, likajaa kabla hajafika kwa baba wa babu yake, akaniambia nije tena na jingine.