Kiswahili Nchini Uganda: Amri Haifundishi, Mwalimu Ndiye Afundishaye



Mwanzoni mwa Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima, lenye kutahiniwa, katika shule za msingi na za sekondari. Siku chache baadaye, tarehe 7 Julai, ulimwengu uliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili Duniani, iliyokuwa imetangazwa na UNESCO mwaka uliotangulia. Hapa kwetu habari hizo mbili zilipokewa kwa shangwe, na shangwe hiyo ilikuwa ya haki. Lakini mtu aijuaye historia ya lugha hii ng'ambo ya Ziwa Viktoria atakumbuka kwamba Kiswahili kimekwisha kupewa cheo nchini Uganda zaidi ya mara moja, na kila mara cheo hicho kilibaki kwenye karatasi. Kwa hiyo inafaa tuulize swali ambalo shangwe hulisahau: ni nani atakayesimama mbele ya wanafunzi, na ni nani aliye nyuma ya mtu huyo?

Kiswahili hakikupelekwa Uganda na serikali yoyote. Kilifika katikati ya karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, iliyopitia Tabora na Karagwe hadi katika jumba la Kabaka Suna. Wafanyabiashara hao walipeleka nguo, bunduki na Kurani. Walirudi na pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia, watumwa. Kabaka Mutesa, aliyemrithi Suna, alijifunza kwao Kiarabu na Kiswahili. Alama ya mkutano huo ingali hai katika Kiganda hadi leo. Mganda akitaja kitabu husema "ekitabo", na akitaja kalamu husema "ekkalaamu". Yaani hata vyombo vyenyewe vya elimu viliingia huko kwa majina ya Kiswahili.

Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alipita Buganda. Alipoondoka alimwacha katika jumba la Mutesa kijana mmoja aitwaye Dallington Maftaa, aliyekuwa amesomeshwa Zanzibar katika shule ya misheni ya UMCA. Kazi ya kijana huyo ilikuwa kumsomea Kabaka Maandiko Matakatifu, kumwandikia barua zake na kuwafundisha waliotaka kusoma. Alifanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Hakuwa na mwalimu mwenzake wa kumwuliza jambo, wala hakuwa na shule iliyomlea karibu naye, maana shule hiyo ilikuwa mwendo wa miezi kwa miguu. Tukitafuta mfano wa mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda katika miaka mia moja iliyofuata, mfano wenyewe ndio huo: mtu mwenye moyo wa kazi, aliyeachwa peke yake.

Wamisionari wa Kiingereza waliofika kuanzia 1877 hawakuwa na shauri moja kuhusu lugha. Alexander Mackay alitumaini kwamba siku moja Kiswahili kingekuwa lugha ya Afrika ya kati yote. Askofu Alfred Tucker alilikataa wazo hilo kabisa, kwa kuwa aliona kwamba lugha hiyo imefungamana mno na Uislamu. Shauri la Tucker ndilo lililoshinda. George Pilkington akishirikiana na Henry Wright Duta, Mganda mwenye elimu, walikamilisha Biblia nzima kwa Kiganda mwaka 1896. Tangu hapo kila mwalimu wa Kiganda aliyetumwa Busoga au Teso alikwenda na kitabu mkononi, na nyuma yake palikuwa na kanisa, mitambo ya kuchapa, wazee wa kumsimamia na wenzake wa kumtembelea. Kiganda kilienea mbali kwa sababu kila aliyekifundisha alikuwa na watu nyuma yake.

Serikali ya kikoloni nayo ilipotaka kubadili mambo, ilianza kwa amri. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alitoa waraka uliopendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na ya utawala katika sehemu kubwa ya nchi. Kabaka Daudi Chwa aliupinga waziwazi mwaka 1929, na maaskofu wakamwunga mkono. Mwaka 1931 Serwano Kulubya, mweka hazina wa Buganda, alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza dhidi ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki.

Hapa yatupasa tuwatendee haki ndugu zetu Waganda. Ni rahisi kwa Mtanzania wa leo kuwalaumu kwa kukikataa Kiswahili. Lakini wao hawakuwa wakiyakataa maneno. Walikuwa wakitazama Kenya, ambako masetla walikuwa wamekwisha kutwaa ardhi nzuri ya nyanda za juu, nao walihofu kwamba muungano wa makoloni hayo ungeleta shari hiyo hiyo mlangoni pao. Kwa kuwa Kiswahili kilinadiwa wakati mmoja na muungano huo, walikihesabu kuwa mizigo ya msafara ule ule. Lugha ikiletwa na mkono usioaminika, yenyewe nayo haiaminiki.

Wakati huo huo, tarehe 1 Januari 1930, ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo Uganda ilikuwa mwanachama wake pamoja na Tanganyika, Kenya na Zanzibar. Kamati hiyo ilisanifisha tahajia, ikakagua vitabu vya shule na kusimamia kamusi. Mwaka 1952 makao yake yalihamishiwa Makerere, mjini Kampala. Na mwaka huo huo wa 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa kufundishia katika shule za Uganda, isipokuwa katika jeshi la polisi. Hivyo wataalamu wa Kiswahili wa Afrika Mashariki nzima walikaa katika kilima cha Makerere, nao watoto wa shule zilizokuwa chini ya kilima hicho hawakufundishwa hata neno moja la lugha hiyo. Utaalamu ulikuwapo, uliokosekana ni uzi wa kuuunganisha na darasa.

Kiswahili hakikufa kwa sababu hiyo. Kiliishi katika reli, katika masoko ya mipakani, katika migodi ya shaba ya Kilembe, na zaidi ya yote katika kambi za askari. Lakini lugha huchukua sura ya yule anayeisema mara nyingi kuliko wengine. Raia wengi waliisikia kwanza kutoka kwa mtu aliyeshika bunduki, akiwaamuru wapande lori au walale chini. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Hakufungua vyuo vya walimu wa kukifundisha, wala hakupeleka vitabu shuleni. Ilikuwa amri ya askari, na katika miaka ya mauaji iliyofuata amri hiyo iliongeza hofu ya wananchi juu ya lugha yenyewe. Majeshi ya Tanzania na ya wapigania uhuru wa Uganda yalipoingia Kampala Aprili 1979, utawala wa Amin ulianguka. Lakini doa lile juu ya lugha halikuweza kuoshwa kwa siku moja.

Baada ya hapo yakafuata maazimio ya raia, yaliyotungwa kwa hekima zaidi. Tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa William Senteza Kajubi ilitoa taarifa yake mwaka 1989, na waraka wa serikali wa 1992 ukataka Kiswahili kifundishwe kwa watoto wote. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri likakubali kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili, na mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ukakifanya kuwa somo la lazima katika vidato vya mwanzo. Kisha ukaja uamuzi wa 2022. Kati ya waraka wa 1992 na uamuzi huo imepita miaka 30. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa waraka ule angaliweza kuwa mwalimu wa Kiswahili mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka kumi. Watoto wa namna hiyo wangekuwa maelfu, kama wangalifundishwa.

Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Mwezi mmoja kabla ya uamuzi wa Julai 2022, chama cha walimu cha Uganda, UNATU, kiliitisha mgomo. Serikali ilikuwa imeamua kuwapandishia mshahara walimu wa sayansi, na yule mwenye shahada akafikishwa shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, hali mwenzake wa masomo ya sanaa aliachwa nyuma kabisa. Mwalimu wa Kiswahili ni mwalimu wa sanaa. Kwa hiyo katika majira yale yale ambayo somo lake lilitangazwa kuwa la lazima, yeye mwenyewe aliambiwa, kwa lugha ya fedha, kwamba kazi yake ina thamani ndogo. Wapo waliosema kwamba nchi maskini lazima ichague, na kwamba sayansi ndiyo huleta maendeleo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini serikali ikilifanya somo kuwa la lazima, imekwisha kuchagua. Haiwezi kulitaka somo na kumkataa mwalimu wake.

Mshahara pekee hautoshi pia. Mara nyingi mwalimu wa Kiswahili ni mmoja tu katika shule nzima. Hana mwenzake wa kumsahihishia mtihani, wala wa kumwuliza namna bora ya kueleza ngeli kwa mtoto wa Kiacholi, ambaye lugha yake si ya Kibantu na haina ngeli za namna hiyo. Mtoto wa Kiganda humhitaji kwa njia nyingine: yeye anazo ngeli tayari katika lugha yake, na mwalimu mwerevu huanzia hapo, kutoka "omuntu" na "abantu" hadi mtu na watu. Maarifa ya namna hii hayapatikani katika amri. Hupatikana walimu wanapokutana, wakaambiana lililofaa na lililoshindikana. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo la kutia moyo ni kwamba vyombo vya kuwakutanisha vimeanza kuwapo. Chama cha Kiswahili cha Afrika ya Mashariki, CHAKAMA, huwakusanya wasomi wa nchi zetu katika makongamano. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ni chombo cha Jumuiya yote. Hapa kwetu lipo BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba vyombo hivi havirudii historia ya Makerere ya 1952, ambapo wataalamu walikaa kileleni na darasa likabaki bondeni. Mwalimu wa Gulu, wa Mbarara au wa Soroti awe na mahali pa kuandika na kujibiwa, awe na kitabu kinachofaa umri wa wanafunzi wake, na apate nafasi ya kuishi miezi michache kati ya wasemaji wa lugha anayoifundisha.

Nasi Watanzania tunalo la kujisahihisha. Imekuwa desturi kwa baadhi yetu kucheka Kiswahili cha jirani na kuigiza matamshi yake. Anayecheka hajui kwamba yule anayekosea amejifunza kwa jitihada kile ambacho yeye alikipata bila jasho. Kiswahili kikiwa lugha ya dunia, hakiwezi tena kuwa mali ya wenyeji peke yao. Nao wenyeji wakiipenda kweli lugha yao, watamheshimu kwanza yule anayeipeleka mbali.

Dallington Maftaa alifundisha peke yake karibu miaka 150 iliyopita, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Leo kati ya Dar es Salaam na Kampala pana barabara, simu na Jumuiya moja. Mwalimu wa Kiswahili wa Uganda akiendelea kuwa mpweke, itakuwa ni kwa sababu serikali zetu na sisi wenyewe tumeridhika na tangazo.