Mshauri rika: Mshika mkono wa mwanafunzi mgeni Kericho na Bomet

Barua ya kujiunga na chuo ikifika nyumbani, wazazi huuliza karo kwanza, kisha nauli. Ni nadra kuuliza: akifika huko, nani atamshika mkono? Swali hili ni zito zaidi kwa vijana wa Pwani ambao KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, imewapeleka Kericho au Bomet, zaidi ya kilomita 700 kutoka Mombasa. Makala haya yanaeleza ushauri rika ni nini, unavyofanya kazi, na mipaka yake.

Huko kukoje?

Chuo Kikuu cha Kabianga kiko Kaunti ya Kericho, katikati ya mashamba ya chai. Kilianza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kikapata hati ya kujitegemea mwaka 2013. Chuo cha Bomet kilianzishwa mwaka 2017, nacho chini ya Moi. Kuna pia vyuo vya ualimu, vya ufundi na vya uuguzi, kikiwemo cha Tenwek.

Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, mara nyingi alasiri. Kijana aliyezoea shuka moja na joto la Likoni hujikuta anahitaji blanketi mbili na sweta. Mahamri na mbaazi za asubuhi hazipo, na sokoni watu huzungumza Kipsigis. Haya yanaonekana madogo, lakini yakikutana na upweke na mfuko mtupu, huwa mazito.

Maana yake

Mshauri rika ni mwanafunzi wa mwaka wa pili au zaidi aliyechaguliwa na kufunzwa kuwaongoza wageni. Katika vyuo vingi vya umma nchini, washauri rika husimamiwa na afisi inayoshughulikia masuala ya wanafunzi, wakishirikiana na mshauri nasaha aliyeajiriwa na chuo.

Wazo hili si geni kwetu. Pwani, msichana aliyevunja ungo alikuwa na somo wake, na mvulana wa jandoni alikuwa na kungwi. Wakipsigis nao wana motiriot, anayewalea vijana wakati wa tohara. Jamii zote mbili zilijua kwamba anayevuka hatua mpya hupewa mtu aliyekwisha kuivuka. Mtaalamu wa Marekani, Vincent Tinto, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alieleza jambo linalokaribiana na hilo: mwanafunzi huacha chuo asipopata mizizi katika masomo na katika jamii ya chuo.

Kazi zake

Wiki ya kwanza, mshauri rika humwonyesha mgeni maktaba, zahanati na njia salama ya kurudi bwenini au kwenye chumba cha kupanga. Humfundisha kusajili masomo mtandaoni kabla ya muda kwisha, maana asiyejisajili anaweza kuzuiwa kufanya mtihani. Humwonya pia atunze risiti na nakala za kazi zake, kwani alama kupotea ni kilio cha siku nyingi vyuoni.

Pesa ndipo wengi hukwama. Mtindo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 ulitenganisha msaada wa masomo na mkopo wa HELB, na kiasi hutegemea hali ya familia. Asiyeomba hapati. Mshauri rika humkumbusha mwenzake kuomba, na kukata rufaa akiona amewekwa kiwango kisichomfaa. Humweleza pia kwamba pesa za mkopo zikiingia si za kamari wala viatu vipya: kodi na chakula cha muhula mzima kwanza.

Kwa mwanafunzi Mwislamu, mwenzake humwelekeza ulipo msikiti na mahali pa kupata chakula cha halali. Kwa yeyote yule, humfundisha neno moja litakalomfungulia milango: kongoi, yaani asante.

Usitoweke, ahirisha

Hapa ndipo ushauri rika huokoa maisha ya mtu. Mwanafunzi akikosa karo, akiugua au akipata mimba, mara nyingi hufunga begi usiku na kurudi nyumbani bila kuaga, kwa aibu. Baada ya miezi kadhaa nafasi yake huwa hatarini. Angeandika barua ya kuahirisha masomo, angeweza kurudi hali ikitengemaa. Tofauti ya njia hizo mbili ni karatasi moja, na mtu wa kumwambia karatasi hiyo ipo. Vilevile, anayetaka kuhamia chuo cha karibu na kwao aombe uhamisho KUCCPS inapofungua dirisha, asijihamishe mwenyewe.

Mipaka

Mshauri rika si daktari wala mkopeshaji. Hatunzi pesa za mwenzake. Siri hutunza, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Akisikia mwenzake anataka kujiua, humfikisha kwa mshauri nasaha mara moja, au hupiga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu. Kwa ukatili wa kijinsia, nambari ni 1195.

Tusifiche pia kwamba kuna makomredi wakubwa wanaowakimbilia wasichana wa mwaka wa kwanza kwa jina la kuwasaidia. Mshauri wa kweli anajulikana afisini, hukutana na mwenzake mahali pa wazi, na hadai chochote. Ni vyema msichana akapewa mshauri msichana.

Kwa mzazi

Kabla mwanao hajapanda gari, mwambie aulize siku ya usajili: washauri rika wako wapi? Aandike jina na nambari ya mmoja, nawe ubaki na nakala. Na ukimpigia simu, usiishie kuuliza kama amesoma. Muulize amekula nini, na amekula na nani. Akikosa jibu la swali la pili wiki tatu mfululizo, mpigie yule mshauri.